Daftari la Nakato

Ujumbe ulipoingia nilidhani ni matapeli. Namba nisiyoijua, picha ya msalaba, na maneno ya Kiingereza yaliyopangwa vizuri mno: baba yetu Mzee Lobo amefariki, misa ni Jumamosi saa nne asubuhi kanisani Oud Metha, jina lako limo kwenye orodha ya watu aliotaka waambiwe. Mimi nikisikia orodha nashtuka. Nimekaa Dubai miaka ya kutosha kujua kwamba kuna watu wanaokula kwa ujumbe wa namna hiyo, leo msiba, kesho wanataka namba ya kadi yako ya benki. Nikamtumia mtoto wa kaka yangu aliyeko Sharjah anichunguzie. Akanijibu, "Shangazi, mtu kafa, wewe unataka risiti?" Niliona haya, lakini si sana. Nilikwenda kwa sababu kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi iko hapohapo Oud Metha, mwendo wa dakika tano kwa miguu, na kama ungekuwa utapeli ningegeuza tu nirudi kazini.

Haukuwa utapeli. Jeneza lilikuwapo, na binti wa marehemu alisimama mbele akisoma kwa sauti ileile ya baba yake, ya mtu asiye na haraka. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mtandio kichwani. Watu walipotoka uani ndipo nilipomwona mwanamke mrefu wa suti ya kijivu, bahasha ya kaki mkononi, kaupa ukuta mgongo na anatazama mlango. Hata kabla sijauona uso nilimjua kwa kule kusimama, maana askari wa lango akishazoea kusimama vile hawezi kuacha. Alikuwa Nakato. Mara ya mwisho alikuwa anapakiwa kwenye gari la kampuni na sanduku lake moja, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, najua vizuri kwa nini anaondoka, kwa kuwa ni mimi niliyemfukuzisha. Aliniona. Akatikisa kichwa mara moja, kama anavyoruhusu gari lenye kibali lipite. Miguu yangu ilitaka kwenda metro.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, na Discovery Gardens tulikokaa bado haikuwa na metro; asubuhi tulichukuliwa na basi la kampuni. Tulikaa wanawake wanne chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, kila kitanda na pazia lake. Mimi nililala juu, Nakato chini yangu. Wale wawili wengine walikuwa Wakenya wa hotelini ambao zamu zao zilikwenda kinyume na zetu, kwa hiyo tuliwajua zaidi kwa viatu vyao. Friji ilikuwa moja, na hapo ndipo tabia yangu ilipoonekana. Niliandika herufi Z kwenye kila yai langu kwa kalamu ya wino mzito. Paketi ya maziwa niliichora mstari pale maziwa yalipofikia. Nakato alipouona ule mstari alicheka mpaka akakaa chini. "Zuhura, wewe ndiye ungekuwa askari," aliniambia. "Mimi nalinda mali ya watu, wewe unalinda mayai." Yeye alipika matoke kila Ijumaa, akayafunika kwa karatasi ya foili kwa kukosa majani ya mgomba, akapakua sahani mbili bila kuniuliza. Nilikula, nikaosha vyombo, na kesho yake asubuhi nikaangalia mstari wangu wa maziwa. Ndivyo nilivyokuwa, na sitajipamba hapa.

Naye alikuwa na lake. Kampala alifundishwa ulinzi na mzee mmoja aliyeamini kwamba askari bila kitabu cha matukio ni mtu tu aliyevaa sare. Kila saa iandikwe, hata kama hakuna kilichotokea: saa tatu, shwari, saa nne, lori jeupe limeingia, dereva hakusalimia, na mwisho itiwe sahihi ndipo zamu ifungwe. Huku Jebel Ali, kwenye lango la godauni nilikofanya kazi mimi, kampuni yake ya ulinzi ilimpa mashine ya kusoma kadi, wala haikutaka kusikia habari za vitabu. Yeye akajinunulia daftari la shule lenye jalada la bluu akaendelea kuandika, kwa Kiganda, mwandiko mdogo uliobanana. Nilimuuliza anamwandikia nani. "Mashine inajua kadi," alisema, "haijui nani amekuja na uso gani." Jibu hilo halikuniridhisha. Mtu haandiki bure, niliwaza, lazima kuna anayesoma.

Na mahali penyewe palifaa kushukiwa. Godauni letu lilikuwa ndani ya eneo huru la biashara, nyuma ya maghala ya matairi, na mlangoni liliandikwa kwamba tunauza vipuri vya meli. Uongo haukuwa, ila hawakusema meli gani. Zilikuwa manowari za kubeba ndege, yale majitu yenye uwanja wa ndege mgongoni. Manowari kama hiyo ikizeeka huuzwa ikavunjwe, na kabla chuma hakijayeyushwa kuna watu hupita wakichomoa kila kinachoweza kumfaa mwenye manowari ya ukoo uleule. Waliozitengeneza walishafunga viwanda, na wanaozitumia bado hawana pa kununulia. Katikati yao ndipo alipokaa arbab wetu, mwenye mali, ambaye nilimwona mara mbili tu. Mwenye kutuendesha alikuwa Madam Rania, mwanamke wa sauti ya upole na viatu visivyopiga kelele, unageuka unamkuta mgongoni. Wateja hawakuwa na majina, walikuwa namba. Kasha liliingia limeandikwa hivi, likatoka limeandikwa vile. Kila mtu mle ndani alimtilia mwenzake shaka, na mimi nilidhani nina akili kwa kuwa nilimshuku kila mmoja.

Isipokuwa Mzee Lobo. Yeye ndiye aliyejua kila chuma kimetoka wapi katika manowari na kinarudi wapi. Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Mombasa, aliyeondoka kijana kwenda kuchora ramani kwenye karakana ya wanamaji ng'ambo, na uzeeni Dubai ikamwokota. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Saa sita mchana tulikula kwenye chumba chake cha ramani kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi cha kweli: chapati za Nakato, dengu zangu, na achari ya limau aliyotengeneza mkewe, ambayo kila mara ilidondokea karatasi fulani ya thamani, naye akaifuta kwa kidole gumba bila wasiwasi. Madroo ya chuma yalizunguka kuta nne. Alikuwa akivuta mojawapo, anatandaza mchoro mezani kati ya sahani zetu, na anaanza. "Wajua, mwanangu," alisema siku ya kwanza, "kila kosa lililoua mtu limo humu. Limegeuzwa mstari."

Nilikuwa nimezoea kuona vyuma, yeye akanionyesha sababu. Zamani, alisema, sitaha ilinyooka kutoka tezi mpaka omo. Ndege ikitua ikakosa waya wa kuinasa, mbele yake zimeegeshwa ndege nyingine na watu wanazihudumia. Wakaweka wavu, wavu ukasaidia kiasi. Kisha mtu mmoja akakaa na penseli yake akaupinda mstari wa kutua kidogo kuelekea kushoto. Basi ukikosa waya mbele yako ni maji matupu, unaongeza mwendo unaruka tena. "Pembe ndogo tu," alisema, akiionyesha kwa ncha ya kisu chenye achari, "na kabla ya pembe hiyo ni makaburi." Lifti za kupandishia ndege zilikuwa katikati ya sitaha, ikikwama moja uwanja wote una shimo, wakazisogeza ukingoni. Mnara wa nahodha ukawekwa kulia kwa sababu marubani wa mwanzo walipopata taabu mkono uliwapeleka kushoto. Halafu manati za mvuke za kurushia ndege, na kila moja na valvu zake, roda zake, boliti zake, zilizokuwa zimelala rafuni kwetu zikisubiri mwenye shida. Kipuri bila mchoro, alituambia, ni chuma chakavu, maana hujui kilibadilishwa kwa ajili ya maiti ya nani. Nilianza kuipenda kazi ile. Nasema wazi kwamba sijawahi kuipenda nyingine vile.

Siku moja alimwomba Nakato kioo cha mkobani na rangi ya mdomo. Akakiegemeza kioo kwenye faili juu ya meza, akakichora mstari mwekundu wa kulala katikati, akawasha tochi ikipiga humo. Alieleza kwamba hapo kale rubani aliongozwa na mtu aliyesimama sitahani na mabapa mawili mikononi, akimpungia, juu kidogo, chini kidogo. Ndege zilipoongeza kasi mkono wa mtu ukachelewa. Ofisa mmoja, wanavyosimulia, akaazima kioo na rangi ya mdomo ya karani wake akafanya hivihivi juu ya meza ya ofisi, na humo ndimo ilimotoka ile taa inayoshusha marubani hadi leo. "Zuhura, nenda mlangoni," akasema. "Njoo ukitembea. Nuru ya tochi ikae juu ya mstari. Ikihama, inua kichwa au kishushe mpaka irudi. Usiitazame meza." Nikaenda, na bila shaka niliitazama meza. Mara mbili. Nilifika na kidevu hewani, pembeni kabisa. Akamwambia Nakato ajaribu. Nakato alikuja polepole, macho kwenye nuru tu, anashuka, anashuka, na kidevu chake kikagusa meza taratibu mbele ya kioo. Mzee Lobo akapiga makofi. "Huyu angetua. Wewe tungekutafuta baharini. Hukiamini kioo." Nikamwambia kioo chenyewe cha mtu mwingine, nitakiaminije. Walicheka sana, na mimi nikacheka nao, lakini nilikuwa nasema kweli.

Sasa nifike kwenye pete za mpira, kwa kuwa ndizo zilizotuvunja. Waya unaoikamata ndege haushiki wenyewe. Ncha zake zinashuka chini ya sitaha, zinapita kwenye roda, mpaka kwenye silinda ndefu yenye pistoni na oili, na pistoni hiyo ndiyo inayoimaliza kasi ya ndege. Kinachozuia oili isivuje ni pete za mpira, oili sili kama wasemavyo mafundi wa magari, ila hizi ni kubwa, nyingine zingekutosha kiunoni. Kila sili ilikuja katika mfuko wake uliofungwa, na lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Tarehe hiyo Mzee Lobo aliihubiri. "Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Ukizeeka hukauka, ukikauka hupasuka, oili ikitoka waya hauzuii kitu. Na mwisho wa waya yuko mtoto wa mtu." Sili iliyopita tarehe iliwekwa kwenye rafu ya peke yake, na mwisho wa mwezi aliikata mbele yetu kwa kisu cha zulia ili isije ikarudi. Kazi yangu mimi ilikuwa lebo. Nilizichapa, nikazibandika, nikaziandika kwenye kompyuta, na jina langu likakaa pembeni.

Alhamisi moja Mzee Lobo alikwenda kwa daktari wa moyo. Saa nane mchana Madam Rania aliingia kimya kama kawaida yake, nyuma yake kijana wa foklifti na kasha moja, na mkononi rola ya lebo mpya. "Zuhura, habibti, lebo za humu zimeharibiwa na unyevu. Zibadilishe, yalla, lori linakuja saa kumi." Nikafungua. Unyevu haukuwapo. Lebo zilisomeka kama zilivyoandikwa, na tarehe zake zilinikuta bado niko shule ya msingi. Lebo mpya zilikuwa na tarehe ya mwaka uleule. Kasha nililijua pia, lilikuwa la rafu ya kukatwa. Nikamuuliza kama Mzee Lobo ameziona. "Lobo hawezi kukupa visa," alisema, kwa upole uleule. "Anayezungumza na kafeel, mdhamini wako, ni mimi." Basi nikabandika. Nilijua ninachofanya, mtu aliyekula dengu mezani kwa Mzee Lobo mwaka mzima hawezi kusema hakujua. Ya kwanza niliibandika upande nikairudia. Ya kumi vidole vilishazoea. Nilipoinua macho, Nakato alikuwa nje ya dirisha katika doria yake, kalamu mkononi. Alinitazama, akalitazama kasha, akaendelea na njia. Siku ile sikula.

Lori halikuja. Karatasi za forodha zilikuwa na kasoro, na kasha likawekwa karibu na lango, mbele ya macho ya Nakato, siku baada ya siku. Tangu hapo sikumwona tena kama rafiki. Nyani haoni kundule: mwenye kosa ni mimi, lakini niliyemchunguza ni yeye. Akiniuliza kwa upole, "Mbona siku hizi uko kimya, bambi?" nilisikia askari anamhoji mshukiwa. Akinipakulia matoke nilijiuliza ananilainisha kwa ajili gani. Jioni moja alikuwa jikoni anaongea na dada yake kwa simu, Kiganda kitupu, na katikati yake nikasikia Jebel Ali, kisha Zuhura, kisha Zuhura tena. Nilisimama na kikombe changu mlangoni mpaka chai ikapoa. Alipokata simu aliniuliza kama nina homa. Alipokwenda kuoga niliinua godoro lake. Daftari la bluu lilikuwa pale. Nililifungua nikakuta saa, namba za makasha, namba za magari, na maneno nisiyoyajua hata moja, na humo ndani, mara nyingi, jina langu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nililiamini neno hilo kama aya.

Baada ya siku chache Madam Rania aliniita ofisini. Mteja, alisema, ameuliza maswali ya ajabu kuhusu tarehe, kwa hiyo kuna mtu wa ndani anayesema nje. Leo najua kwamba wateja wa vitu vile huuliza tarehe siku zote, na huenda naye alikuwa amekaa tu na hofu yake kama mimi. Aliniuliza kama kuna mtu ninayemshuku. Niliona njia mbili: ama atanitazama mimi, ama atazame kwingine. "Nakato ana daftari," nikasema. "Anaandika kila kitu." Hapo ningeweza kunyamaza. Hakuniuliza liko wapi. Nikaongeza mwenyewe, "Liko chini ya godoro lake." Kila nikikumbuka mwaka ule, kinachonirudia si lebo. Ni godoro.

Kesho yake saa tano asubuhi watu wa Madam walikwenda chumbani na msimamizi wa Nakato wakalichukua. Madam alilipekua mezani, hakuelewa kitu, akalitupa kwenye pipa la taka. Nakato alisimama wima mbele yake. "Kosa langu nini, madam?" "Unaandika siri za kampuni." "Nimeandika matukio," alisema Nakato. Khalas, visa ikafutwa. Siku aliyoondoka nilikuwa nimeomba ruhusa kwamba naumwa, nikalala mchana kweupe pazia limefungwa, nikimsikiliza anavyofunga sanduku. Alifungua friji, akaifunga. Akasimama kidogo karibu na kitanda. Niliziona ncha za viatu vyake chini ya pazia. Kisha akaenda. Niliposikia gari limeondoka nilishuka nikafungua friji. Palikuwa na sahani ya matoke imefunikwa foili, na juu ya foili ameandika Z kwa kalamu yangu. Halafu niliimwaga yote kwenye pipa, na sahani nikaiosha mara mbili, kwa sababu nilidhani amenitilia kitu.

Wiki iliyofuata Mzee Lobo alikwenda langoni na mtaimbo akalifungua lile kasha. Hakuna aliyemtuma. Alitoa sili moja, akaikunja kwa vidole gumba, na mpira ukaonyesha nyufa nyeupe pande zote. Akaniita. "Nani kazibandika hizi, mwanangu?" Nikasema sijui. Alinitazama, si kwa hasira, ningependelea hasira. "Sawa," akasema. Akavuta kiti, akakaa hapohapo juani, akatoa kisu cha zulia akazikata zote, moja baada ya nyingine, Madam amesimama juu yake akimwambia ataijuta siku hiyo. Alipomaliza aliweka kadi yake ya kazi juu ya kasha akaondoka na mkoba wake wa chakula. Hakuna ndege iliyoanguka kwa mikono yangu, na shukrani haziniendei mimi. Chumba cha ramani kilifungwa, nami nikala dengu zangu peke yangu chooni mpaka mkataba ukaisha. Na hapa nicheke kidogo, maana akili yangu ni ya ajabu: miaka yote hii niliamini kwamba Nakato, kabla hajaondoka, alikwenda kwa Mzee Lobo akanisema. Nikamwekea kinyongo. Mimi nimfukuzishe, na kinyongo niweke mimi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, aliponijia pale uani na kusema, "Twende tunywe chai," nilikwenda kama mtu anayeitwa polisi. Tulikaa kwenye mkahawa mdogo mtaa wa pili, chai ya maziwa na mandazi ya baridi. Aliniambia alirudi Dubai zamani, baada ya marufuku yake ya kuingia nchini kuisha. Mzee Lobo alimwandikia barua, akamtafutia kazi hotelini, na sasa yeye ndiye msimamizi wa walinzi wote wa pale. Walikuwa wakitembeleana. Nilihisi wivu, na sikuwa na haki nao. Kisha akafungua bahasha ya kaki aliyopewa na binti wa marehemu, na akaweka mezani daftari la bluu, jalada lina doa la achari.

"Mzee alilitoa pipani siku ileile," alisema. "Kiganda hakujua, lakini namba alijua. Aliona kasha limetoka rafu ya kukatwa, halafu liko langoni na namba nyingine. Ndiyo akachukua mtaimbo."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Nimwambie nini? Toka chumbani nilipelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege."

Alilifungua mpaka Alhamisi ile bila kutafuta, akaweka kidole chini ya maandishi na kunisomea kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyomsomea askari wa zamu inayofuata. "Saa saba, madam na foklifti, kasha kutoka rafu ya kukatwa. Saa tisa, kasha langoni, namba mpya. Saa mbili usiku, Zuhura hakula." Kati ya saa saba na saa tisa palikuwa na mistari miwili mitupu. Katika daftari zima, kurasa zilizojaa mpaka pembeni, hakukuwa na pengo jingine. Nikaigusa ile mistari.

"Saa nane uliniona."

"Nilikuona."

"Nakato, ni mimi niliyemwambia Madam."

"Godoro lile lilijulikana na watu wawili," alisema. "Mimi na aliyelala juu yangu. Nilijua kabla sijafunga sanduku."

"Na hukuandika. Kwa nini hukuandika?"

Alikoroga chai yake ingawa sukari ilikwisha yeyuka. "Kosa linaloandikwa kitabuni ni la watu wa nje. Wewe ulikuwa wa ndani." Kisha akaniambia habari ya ile simu, kwamba alikuwa akimuuliza dada yake, mwuguzi, ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aache kula ghafla. Mzee Lobo naye alimuuliza mara moja kuhusu ile mistari mitupu. Akamjibu wino ulikwisha, na mzee akasema sawa, kwa sauti ileile aliyoniambia mimi. Watu wawili walijua, na wote wawili walininyamazia mpaka mmoja wao akaingia kaburini.

"Yale matoke," akasema Nakato, "ulikula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na angefurahi. "Niliyamwaga," nikasema. "Nilidhani umenitilia kitu." Nililia pale mkahawani, mwanamke mzima mwenye mvi, na mhudumu akaondoa sahani ya mandazi bila kuulizwa. Nakato hakunibembeleza. Aligeuza uso dirishani, na nikajua kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko visa, kuliko lile gari la kampuni. Kisha akatoa kalamu mfukoni mwa suti, akaligeuza daftari linielekee, akalisukuma mpaka likagusa kikombe changu.

"Saa nane iko wazi," akasema. "Andika."

Nikaandika kwa Kiswahili: Saa nane. Zuhura amebandika lebo za uongo kwenye sili za mtambo wa kunasia, na alijua. Nakato alilivuta daftari akasoma, neno kwa neno, midomo ikicheza. Halafu akachukua kalamu yake, akatia sahihi pembeni mwa mstari wangu, na akafunga zamu.